Damu ya Kumi na Mbili Nukta Tisa

Qochapata, 12 Oktoba 2003

Wifi Eudocia,

Salamu nyingi. Huku wazima, ila kaka yako jino linamuuma tangu Jumatatu na analia kuliko mtoto. Barua hii atateremka nayo mwenyewe gulioni Jumapili na kuiacha kwa Mama Hilaria dukani, kama kawaida. Nimeibandika kwa uji wa viazi asiisome njiani.

Nina mimba. Wa nne. Nesi anasema ni mwanzoni mwa Machi. Najua utacheka, maana kwenye matanga ya mama yenu uliniambia, “Wifi, funga duka.” Duka halikufungika.

Sikuandikii kwa hilo tu. Wiki iliyopita amekuja nesi mpya na pikipiki, ana mashine ndogo kama kipande cha sabuni. Katutoboa vidole sisi watatu wenye matumbo. Yangu mashine ikasema kumi na mbili nukta tisa. Akaandika kwenye kadi, akatikisa kichwa, akasema kwa Kiquechua chake cha kubabaisha, “Mama, wewe huna damu.” Nikamwambia, “Na hii iliyokuchafulia pamba ni nini, supu?” Hakucheka.

Kanipa vidonge vyekundu sitini. Vinanifanya niende haja nyeusi kama lami na tumbo linakuwa jiwe. Anataka kunitoboa kila mwezi. Mama yangu, Mungu amrehemu, alisema damu ya mtu ni moja, ukiimwaga umeimwaga. Sasa huyu anayekuja kuichota kila mwezi atairudisha lini?

Tena anasema mwisho wa Januari niteremke Pukamarka, nikakae kwenye ile nyumba ya kungojea uzazi mpaka nijifungue, kwa sababu nilipomzaa huyu wa tatu, Rosmery, kondo liligoma kutoka na nikamwaga damu mpaka nikaona nyota mchana. Mwisho wa Januari, wifi! Alpaka wetu wa sufu wanazaa kuanzia Januari mpaka Machi. Nani atakuwa zizini asubuhi kukausha vitoto kabla baridi haijaviua? Kaka yako na jino lake?

Wewe ndiye mwenye cheti. Niambie ukweli: kumi na mbili nukta tisa ni kidogo? Ukisema niteremke, nitateremka. Ukisema nibaki, nitabaki. Nesi simjui. Wewe nakujua, hata kama una maneno mengi.

Wifi yako,
Nilda Sullca


Santa Lorenza, 26 Oktoba 2003

Wifi yangu Nilda, mwenye duka la saa ishirini na nne,

Barua yako ilinikuta shambani kwenye buni, nimefunga kitambaa kichwani na nimenuna kwa sababu mume wangu alikuwa ameketi. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye mimba nikapiga kigelegele, mbwa wakakimbia. Hongera, wifi. Mwambie kaka yangu jino lisimsumbue sana. Anapotakiwa kufanya kazi ya maana naona halimuumi.

Sasa swali lako. Umeuliza mahali penyewe. Cheti changu cha mhudumu wa afya bado kipo ukutani, kati ya kalenda na sufuria ya kukaangia, kimekuwa cha kahawia kwa moshi lakini jina langu linasomeka. Miaka tisa sasa natoboa vidole vya wanawake wa bonde hili. Nina daftari. Daftari linasema hivi: mjamzito akiwa chini ya kumi na moja, damu yake haitoshi. Kumi na moja kwenda juu, mzima.

Kumi na mbili nukta tisa! Wifi, hapa Santa Lorenza mwanamke mwenye namba hiyo tungempeleka kwenye maonyesho ya kilimo, tumfunge utepe shingoni pamoja na mafahali. Mimi mwenyewe nina kumi na mbili kamili, na jana nimebeba gunia la buni kutoka bondeni mpaka barabarani nikimtukana mume wangu njia nzima bila kupumzika. Huyo nesi wako katoka chuoni juzi. Wanapewa idadi ya watu wa kuwatafuta, wasipopata wanaokoteza. Ni mtoto wa watu, usimfokee, lakini pia usikose usingizi.

Vidonge vikikusumbua viweke pembeni. Nyumba ya kungojea ni nzuri kwa mwenye shida. Wewe na damu hiyo na alpaka wako, amua mwenyewe. Mimi ningebaki.

Kwa lile la marehemu mama yako, hapo hapana. Damu inarudi. Isingekuwa inarudi, sisi wanawake tungekuwa tumekwisha tukiwa na miaka kumi na sita.

Wako mwenye maneno mengi,
Eudocia Choqueluque


Qochapata, 16 Novemba 2003

Wifi,

Ahsante. Moyo umetulia.

Nesi alirudi. Nikamwonyesha barua yako, pale penye kumi na moja. Akaanza kusema haraka haraka kwa Kihispania. Ananyooshea kidole mlima, ananyooshea mbingu, ananyooshea mashine, anashusha mkono mpaka kwenye magoti, anaupandisha tena juu ya kichwa. Nikadhani anamwapia Mungu. Jirani yangu Basilia akasema labda anataka kucheza ngoma. Mwisho akachoka, akanywa chai, akaondoka. Nilimhurumia, pikipiki ilimzimikia pale mtoni.

Vidonge nimeviweka kwenye kopo la vifungo. Haja imerudi rangi yake.

Naendelea vizuri. Kupanda kutoka mtoni mpaka zizini ndiyo kazi, nasimama mara mbili, tatu, moyo unanipiga masikioni. Tumbo ni kubwa kuliko la Rosmery, labda ni dume. Na mwaka huu nimependa udongo, wifi, huwezi kuamini. Ule mchuzi wa udongo mweupe tunaochovyea viazi, sasa naula bila viazi. Kaka yako Melitón anasema nitaula ukuta. Chakula kingine hakinipandi sana. Tulichinja dume mzee mwezi uliopita. Nyama tuliikausha tukaiuza gulioni, mbavu wakala watoto na baba yao. Mimi mpishi nilishiba harufu. Supu na viazi vikavu na chai yangu ya moto vinanitosha.

Alpaka thelathini na nane wana mimba. Nawahesabu kila jioni, nafurahi.

Nilda


Santa Lorenza, 14 Desemba 2003

Wifi mpenzi,

Ninakutumia machungwa arobaini kwenye kiroba, na kahawa ya Melitón. Ukikuta ni thelathini na tano, dereva wa basi kala. Na ukikuta thelathini, kala na utingo wake.

Nilikuwa mjini siku tatu kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya. Wametulisha vizuri, kuku kila siku, nimerudi na kilo mbili ambazo sikuondoka nazo. Mwalimu alikuwa daktari mwanamke, mfupi kama mimi, ana sauti.

Sasa sikiliza. Nimekuwa nikikufikiria. Juzi nimeota ndoto mbaya: umevaa sketi nyekundu unavuka mto, na mto wenyewe mwekundu. Sikupenda ile ndoto. Basi naomba unifanyie hisani mtu mzima mwenzio, utoe vile vidonge kwenye kopo la vifungo uvimeze. Kimoja kila siku, na maji ya chungwa, si na chai. Chai ikae mbali na chakula, kwa muda wa saa mbili hivi, maana chai inakinyang'anya chakula nguvu. Haja ikiwa nyeusi iache iwe nyeusi, nani anaiangalia? Ukichinja, ini na damu ya mnyama visiende gulioni wala kwa kaka yangu, vile wewe. Udongo acha.

Na kama nesi bado anataka uteremke mwisho wa Januari, mimi sasa naona uteremke tu. Huwezi kujua. Usiniulize sana. Fanya kwa ajili ya ndoto yangu.

Eudocia


Qochapata, 4 Januari 2004

Wifi,

Machungwa yamefika thelathini na sita. Watoto walikula na maganda.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikamwambia Melitón, dada yako anaumwa? Mwezi wa kumi mimi ni fahali wa maonyesho. Mwezi wa kumi na mbili niteremke, nimeze, nisile, nisinywe, na sababu ni ndoto. Wifi, ndoto hata mimi ninazo. Juzi nimeota nimeolewa na mwenye lori. Sikufungasha.

Tena ndoto ya mto mwekundu huku kwetu ni habari ya mvua nyingi. Na kweli, mvua zimeshika, barabara ya chini inamomonyoka. Ndoto yako imeshatimia, lala.

Mimi nilikuuliza kwa sababu una cheti, na nimefuata cheti. Nesi alinitoboa tena kabla ya Krismasi: kumi na mbili nukta moja. Imeshuka kidogo, lakini bado iko juu ya kumi na moja yako, sivyo? Akanibembeleza mpaka machozi yakamlengalenga. Nikamwambia, wifi yangu amesoma, ana miaka tisa kwenye kazi hii. Akaandika namba kwenye kadi.

Alpaka wameanza. Saba wameshazaa, na mmoja tu kafa. Siwezi kuwaacha. Nikishikwa nitamwita mkunga, mama Toribia wa ng'ambo ya ziwa, ndiye aliyelivuta kondo la Rosmery. Nachoka, sikufichi, asubuhi nikiinama zizini giza linanijia na ninashika ukuta. Lakini uchovu ni wa mwezi wa saba. Damu ninayo. Wewe mwenyewe ulisema.

Nilda


Santa Lorenza, 18 Januari 2004

Nilda,

Barua hii haina mzaha, au nitajitahidi usiwemo.

Sikuota ndoto yoyote. Silali vizuri kiasi cha kuota. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu.

Siku ya pili ya mafunzo daktari aliandika ubaoni kitu ambacho katika miaka yangu tisa sikukijua. Alisema mtu anayeishi juu sana, hewa yake ni nyepesi, basi mwili unajiongezea damu ili uweze kuvuta ile hewa kidogo iliyopo. Namba yake lazima iwe kubwa. Kwa hiyo ukimpima mtu wa juu, huisomi namba kama ilivyo. Kwanza unatoa. Kila mwinuko una cha kutoa. Hapa Santa Lorenza tuko chini kwenye joto na ndizi, hatutoi kitu, ndiyo maana daftari langu halina hesabu hiyo. Nilipofundishwa walijua sitampima mtu wa juu. Sikujua kwamba nitampima mmoja kwa barua.

Nikainua mkono. Nikauliza, “Daktari, na mtu anayekaa kwenye mita elfu nne na mia tatu?” Akasema, “Hapo toa karibu nne, mama. Una mtu huko?” Nikasema hapana. Unaona? Hata pale, mbele ya watu ishirini nisiowajua, nikasema hapana.

Hesabu ni hii. Kumi na mbili nukta tisa, toa nne: nane nukta tisa. Hiyo ndiyo ilikuwa damu yako mwezi wa kumi. Kabla ya Krismasi kumi na mbili nukta moja, toa nne: nane nukta moja. Kumi na moja ndiyo mstari. Huko juu mstari wako ulikuwa kumi na tano, wifi. Nesi alikuwa sahihi toka siku ya kwanza. Alipokuonyesha mlima na mbingu alikuwa anakufundisha hesabu niliyopaswa kuijua mimi. Na mimi nilimwita mtoto wa watu.

Yote uliyoniandikia yalikuwa yananiambia, nami nikacheka. Moyo kupiga masikioni. Giza ukiinama. Udongo: mtu anayetamani udongo hivyo, mara nyingi ni mwili unalilia damu. Nyama kuuza, mbavu kuwapa wao, wewe supu na chai. Mimba nne, na ile ya Rosmery iliyokumaliza, na hukupumzika hata miaka miwili. Ningemsikia jirani yangu hapa akisema nusu ya hayo ningemburuta zahanati kwa nywele.

Mwenye damu nyingi akimwaga kidogo kwenye uzazi, anabaki nayo. Wewe huna cha kumwaga. Kondo likigoma tena huko, na mama Toribia yuko ng'ambo ya ziwa, Melitón atazika. Ninaandika hivyo ili usiweze kusoma vingine.

Teremka. Alpaka wafe. Nimeandika: wafe.

Nilitakiwa kukwambia hivi tangu Desemba, mwezi mzima uliopita. Mwezi huo nimeukalia mimi.

Eudocia


Santa Lorenza, 2 Februari 2004

Nilda,

Barua ya tarehe kumi na nane imerudi. Mlima umeanguka kwenye barabara mahali pawili, basi halipandi, gunia la barua limerudishwa na matope juu yake. Naziweka zote mbili katika bahasha moja. Kuna wafanyabiashara wa vitunguu wanaovuka maporomoko kwa miguu, nitampa mmoja wao. Lakini sijui utaipata lini, na tumbo lako halingoji vitunguu.

Kwa hiyo jana nimekwenda mjini kwenye redio ya parokia. Ile mnayoisikiliza alfajiri mkiwasha moto, yenye salamu na matangazo ya ng'ombe waliopotea. Mtangazaji ni Don Abundio, sauti kama ngoma, mwenyewe mwembamba kama fimbo. Nikamwandikia tangazo kwenye karatasi. Akalisoma, akaniangalia juu ya miwani.

“Mama,” akasema, “unataka niseme ‘amekosea’, au niseme ‘kulitokea kosa’? Watu wengi hupenda ‘kulitokea kosa’.”

Nikasema, “Sema amekosea. Na jina taja lote.”

“Lote? Mkoa mzima unasikiliza.”

“Baba, ndiyo maana nimekuja.”

Akasema atalisoma alfajiri tatu mfululizo, kwa Kiquechua. Alipolijaribu kwa sauti, yule bibi anayefagia pale redioni akaacha ufagio akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, “Wewe dada, umejivua nguo sokoni.” Nikamwambia ningevua na ngozi, kama ingesaidia.

Nimerudi nyumbani. Mume wangu amenitengenezea chai bila kuambiwa, jambo ambalo halijatokea tangu tuoane, kwa hiyo najua sura yangu ilivyo. Cheti nimekishusha ukutani. Pamebaki alama nyeupe ya mraba, inaonekana kuliko cheti chenyewe.

Sijui kama betri za redio yenu zina moto. Sijui kama umesikia. Ninangoja.

Eudocia


Qochapata, 15 Februari 2004

Dada,

Mimi Melitón. Siandiki sana, wajua.

Tulisikia. Jumanne, bado giza, nawasha moto kwa samadi. Don Abundio akasema: “Eudocia Choqueluque wa Santa Lorenza anamwambia wifi yake Nilda Sullca wa Qochapata, mjamzito: nilikosea. Nilisahau kutoa. Huko juu unatoa nne. Damu yako ni nane. Nesi ndiye aliyesema kweli. Teremka leo. Sikuota ndoto.” Kisha akapiga wimbo wa kanivali.

Nilda alikuwa anamenya viazi. Akamaliza kiazi kile. Halafu akasema, “Kumi na mbili nukta moja, ukitoa nne.” Nikampangia samadi kumi na mbili sakafuni, nikaondoa nne. Akazihesabu zile nane kwa kidole.

Kule ng'ambo Basilia akapiga ukelele, “Nilda eee! Wifi yako kakuua kwenye redio!” Nilda akatoka mlangoni akamjibu, “Bado!” Akarudi ndani akamwaga kopo la vifungo, akachagua vidonge kimoja kimoja, akameza kimoja. Akaniambia, “Tandika farasi.”

Njia ya siku moja tumetembea siku mbili. Mara nne ilibidi nimshushe alale chini, midomo imekuwa rangi ya majivu. Sasa yuko kwenye nyumba ya kungojea Pukamarka. Nesi alipomwona alimkumbatia. Wanampa vidonge na ini na wanampima. Watoto wako kwa Mama Hilaria.

Mimi nimerudi kwa alpaka. Nawakausha vitoto kwa shati langu. Tisa wamekufa. Siku ya kwanza nilichelewa kuamka. Sijui yeye huamkaje.

Jumapili nimechinja nikampelekea nyama, mbavu zote. Akauliza, “Za nani hizi?” Nikasema zako. Akala akilia, sijui kwa nini.

Hataki kukuandikia. Nilimwambia akuandikie, akasema nishughulikie jino langu. Kwa hiyo nimeandika mimi.

Kaka yako,
Melitón


Santa Lorenza, 29 Februari 2004

Melitón, kaka yangu,

Ahsante. Barua yako ina mistari michache na nimeisoma kama misa.

Asiniandikie. Ana haki. Mwambie tu asiinuke kitandani kwa haraka, na chungwa kwa kila kidonge. Hapana, usimwambie. Hayo nesi anayajua. Mimi ninyamaze.

Wale tisa waliokufa nitawalipa kwa namna yoyote, hata kwa kuja kukausha mwakani.

Eudocia


Pukamarka, 21 Machi 2004

Eudocia,

Nimejifungua tarehe tano. Msichana. Si dume, na tumbo lile lote.

Nilishikwa alfajiri, nesi akanivusha barabara mpaka hospitali tukitembea. Mtoto alitoka vizuri. Kondo likagoma. Kama lile la Rosmery, sawasawa. Damu ikaja kama bomba la bustani, naisikia inadondoka kwenye ndoo, na nikawa nahesabu matone kama ninavyohesabu alpaka, mpaka hesabu ikanipotea. Daktari aliingiza mkono akalitoa. Wakanitundikia damu mifuko miwili. Namba yangu ilikuwa imepanda kidogo kabla ya uzazi, tisa kamili baada ya kutoa, kwa vile vidonge na yale maini. Daktari akasema hiyo kidogo ndiyo iliyonishikilia mpaka mfuko wa kwanza ukafika. Ile nane ya Krismasi, akasema, isingefika.

Ingekuwa Qochapata, leo ungekuwa unamwandikia Melitón peke yake.

Sasa nina damu ya watu wawili nisiowajua. Tangu hapo natamani samaki, na mimi samaki sijawahi kumpenda. Nadhani mmoja wao ni mtu wa ziwani. Udongo hata siutaki, ukininukia naona kichefuchefu.

Barua zako mbili mtu wa vitunguu amezileta. Nitakwambia kilichonikasirisha, nawe usijibu haraka. Si hesabu. Hesabu hukosewa; mimi mwaka juzi nilihesabu kondoo wa Basilia pamoja na wangu nikawanyoa. Ndoto ndiyo iliyonikwama hapa. Ulijua, ukaniletea mto na sketi. Mwezi mzima ninapanda zizini nimeshika ukuta na wewe unajua. Ukikosea tena, na utakosea, niambie siku ile ile, hata kama utanitumia Don Abundio.

Nesi anaitwa Yesenia. Nilikuwa sijamuuliza jina tangu Oktoba. Anajifunza Kiquechua kwangu jioni, mimi najifunza kwake kuisoma ile mashine. Ulimi wake mzito, ila hachoki.

Jambo la mwisho, halafu mtoto ananyonya. Juzi ameingia hapa mwanamke wa upande wa Sorapata, siku mbili kwa miguu, tumbo liko chini, simjui wala hakuwa amewahi kufika hapa. Yesenia akachukua kidole chake. Kabla hajamtoboa, yule mwanamke akavuta mkono. Akauliza, “Hapa mnatoa ngapi?”

Yesenia akaiweka sindano chini. Akamuuliza nani kamfundisha. Akasema amesikia redioni, tangazo la mtu mmoja kwa wifi yake. Alipotobolewa huko kwao mwaka jana aliambiwa kumi na mbili, akajiona mzima. Aliposikia redio akatoa mwenyewe, akafunga mzigo. Kafika na saba nukta sita baada ya kutoa. Wamempeleka hospitali moja kwa moja.

Alipojua mimi ndiye wifi mwenyewe aliniangalia kama anayeangalia mtu aliyefufuka. Akauliza wewe ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mwanamke mwenye kelele, mnene kidogo, asiyejua kutoa.

Akasema, “Mwambie ahsante.”

Basi nimekwambia. Hiyo ni ya kwake. Yangu utaingoja.

Nilda